Kupunguza Uzito Si Kazi ya Mtu Mmoja

Katika zahanati za Mombasa kuna agizo linalotolewa kila siku, lakini halina dirisha la kuchukulia dawa. Mgonjwa amepimwa presha, amepimwa sukari, amepanda kwenye mizani. Muuguzi anatazama kadi, anainua macho na kusema, "Mama, itabidi upunguze uzito." Mama anaitikia, "Nimesikia, daktari," anapokea vidonge vyake vya presha na kwenda zake. Vidonge vina maelezo: kimoja asubuhi, kimoja jioni. Uzito hauna maelezo. Aanze vipi, aanze na nani, na siku akichoka amwambie nani? Hayo hayakuandikwa kwenye kadi.

Somo la mwezi huu linahusu hayo yasiyoandikwa. Habari za vyakula wakazi wengi wanazijua tayari. Mtu akisimamishwa sokoni Kongowea na kuulizwa mwili hupunguzwa vipi, atajibu bila kufikiri: apunguze mafuta, apunguze sukari, atembee. Kujua si tatizo. Tatizo huja wiki ya pili, ya sita na ya kumi, pale ambapo mtu anajua la kufanya na bado halifanyi.

Chukulia mama mmoja wa Kisauni mwenye miaka 46. Ni mfano wa somo tu, ingawa wengi watadhani ni jirani yao. Anakaanga viazi karai na bajia kando ya barabara kuanzia alasiri hadi saa tatu usiku. Ana urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 92. Kiuno chake ni sentimita 108. Presha yake imepimwa siku mbili tofauti, na mara zote imezidi 140 kwa 90, mpaka ambao daktari huanza kuzungumzia ugonjwa wa presha. Kwa hesabu ya hospitali, kilo 92 zikigawanywa kwa urefu mara urefu, yaani 1.60 mara 1.60, jibu ni karibu 36. Shirika la Afya Duniani huhesabu 25 kwenda juu kuwa uzito uliozidi, na 30 kwenda juu kuwa unene wa kupindukia.

Hayuko peke yake. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya, KDHS, wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila wanawake 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 20 hadi 49, 45 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Kwa wanaume wa umri huo ni 19. Katika utafiti wa 2014 hesabu ya wanawake ilikuwa 33 kati ya 100, ingawa huo ulianza kuhesabu tangu miaka 15. Hata hivyo mwelekeo uko wazi, na unapanda.

Sababu inayodumu

Siku anayotoka zahanati, mama wa viazi ana hofu. Hofu inaweza kumtoa mtu nyumbani kwa siku tatu. Haiwezi kumtoa kwa miezi sita, kwa sababu presha haiumi, na kitu kisichouma husahaulika haraka.

Baada ya hofu huja aibu, nayo ni mbaya zaidi. Wako watu wanaodhani kumwita mtu "kibonge" au kumtania mbele ya wageni kutamzindua. Hakumzindui. Kunamfanya aikwepe kliniki ili asipande mizani, aache kwenda arusini, na ale usiku wakati hakuna anayemwona. Mume anayemcheka mkewe kwa unene wake, kisha akashangaa mbona hapungui, amekuwa sehemu ya ugonjwa.

Sababu inayodumu huwa ndogo, ya karibu, na mtu anaweza kuijaribu wiki hii hii. Kwa mama huyu, binti yake anaishi ghorofa ya tatu huko Tudor, na kila akienda kumwona mjukuu husimama mara mbili kwenye ngazi akijifanya anatafuta simu kwenye mkoba. Akitaka kuinuka baada ya kusujudu hushika ukuta. Magoti yanamuuma akishuka matatu. Mambo hayo matatu yana nguvu kuliko picha yoyote ya mwili mwembamba, kwa kuwa yataanza kubadilika kabla ya mtu mwingine kuona tofauti yoyote.

Wengine huweka sababu yenye tarehe, kwa kawaida arusi. Binti anaolewa Desemba, mama anataka aingie kwenye gauni. Si sababu mbaya ya kuanzia, lakini arusi ikipita sababu nayo imepita, na kufikia Machi kilo zimerudi zote. Anayeanza na arusi anafaa kutafuta sababu ya pili mapema.

Lengo nalo liwe la kibinadamu. Mama wa kilo 92 akiambiwa afike 60, atakata tamaa kabla ya kufika nyumbani. Lakini asilimia 5 ya uzito wake ni kilo 4.6 tu, na asilimia 7 ni kilo 6.4. Faida kwa presha na sukari huanza kuonekana kwenye kiasi hicho, ingawa kwa macho ya jirani bado ni mnene yule yule.

Ushahidi wake ulitolewa Marekani mwaka 2002, katika utafiti uliofuatilia watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini hawajapata kisukari. Baadhi walipewa vidonge visivyo na dawa. Baadhi walipewa metformin, dawa ya kisukari inayojulikana hata hapa. Kundi la tatu lilisaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi kama ya kutembea haraka kwa dakika 150 kila wiki. Baada ya takriban miaka 3, waliopewa metformin walipata kisukari kwa kiwango cha asilimia 31 chini ya wale wa vidonge vitupu. Waliobadilisha mwenendo walikuwa chini kwa asilimia 58. Kutembea na kula kwa kiasi kulishinda dawa.

Habari hiyo husimuliwa sana, lakini nusu yake huachwa. Watu wa kundi la tatu hawakuambiwa tu "punguzeni uzito" kisha wakaachwa waende. Kila mmoja alikuwa na mwalimu wake, alipitia masomo 16 katika miezi 6 ya kwanza, alipimwa mara kwa mara, na asipofika alitafutwa. Kilichoshinda dawa ni mwenendo mpya pamoja na mtu wa kumuuliza, "Mbona jana hukuja?"

Chama tayari kipo

Mombasa haina upungufu wa watu wa kuulizana. Mama wa viazi ni mwanachama wa chama cha wanawake 12 kinachokutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Kina siku maalumu, kina daftari, kina katibu na mweka hazina, na asiyefika hupigiwa simu kabla kikao hakijaisha. Kile ambacho watafiti wa Marekani walilazimika kukijenga upya, wanawake wa Kisauni wanacho tangu zamani.

Shida ni kwamba chama ndicho pia mahali ambapo kilo huongezeka. Mwenyeji hupimwa kwa meza yake. Pilau, chapati, sambusa, kreti ya soda, na keki ya kufunga kazi. Mwenyeji asiyeweka soda atasemwa hadi mwezi ujao, na mgeni anayesukuma sahani pembeni anaonekana amemkataa mwenye nyumba, si chakula chake. Ndiyo maana mtu mmoja hawezi kuubadilisha mtindo huo kwa kukataa peke yake. Atakuwa mpweke, kisha atakubali "kidogo tu," kisha ataacha.

Lakini chama kikikata shauri pamoja, jambo hugeuka. Kikiandika kwenye daftari kwamba mwenyeji ataweka maji, matunda ya msimu na chungu kimoja cha chakula, hakuna anayeaibika, kwa sababu hiyo ni sheria wala si ubahili. Na katika vyama vingi pendekezo hili litapata kura kwa sababu isiyo ya afya kabisa: linapunguza gharama ya mwenyeji, na kila mmoja anajua zamu yake inakuja.

Kwenye kupima uzito kunahitajika busara. Mizani ikiwekwa sebuleni na namba kusomwa kwa sauti, mwezi wa pili nusu ya wanachama watakuwa na udhuru. Iwekwe chumbani, kila mmoja aingie peke yake, aandike namba kwenye daftari lake mwenyewe, akitoka aseme tu, "Nimepima." Anayetaka kutaja kilo zake ataje, asiyetaka asiulizwe.

Tena kuna faini. Vyama hupenda faini, na faini ya kuchelewa haina ubaya. Faini ya kuongezeka kilo ni kosa kubwa, hata ikitolewa kwa mzaha. Mtu aliyeongezeka kilo 2 akijua atatozwa, Ijumaa atashinda na njaa, au atakunywa dawa ya kuharisha ili namba ishuke Jumamosi, au hatakuja kabisa. Wakati huo yeye ndiye ambaye wenzake walikuwa wanahitaji kumwona kuliko wote.

Mwezi mmoja ni mrefu mno kusubiri, kwa hiyo ndani ya chama watu wagawanyike wawili wawili kwa ukaribu wa nyumba. Hao ndio watatembea pamoja. Dakika 150 za wiki, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani nalo hupendekeza kuwa cha chini kwa mtu mzima, ni nusu saa kwa siku tano, na nusu saa inaweza kukatwa vipande vya dakika 10. Mwendo uwe wa kutosha kuhema kidogo, lakini mtu aweze kuzungumza. Mwenzi wa kutembea ana faida nyingine ambayo vitabu vya mazoezi havitaji: mwanamke hatembei peke yake gizani mtaani, lakini wawili au watatu hutembea.

Mama wa viazi alikuwa na jibu lake tayari kwa shoga yake.

"Shoga, mimi nasimama tangu saa tisa hadi usiku. Mazoezi gani tena?"

"Kusimama si kutembea, dadangu. Kesho saa kumi na mbili nakuja kukubishia mlango. Usipotoka nitaita jina lako mpaka mtaa mzima uamke."

Kitisho kama hicho kina manufaa kuliko mabango mengi. Asubuhi ile hatakuwa na hamu ya kutoka. Atatoka kwa sababu mtu yuko mlangoni. Hamu huja baadaye, baada ya wiki kadhaa, mwili ukishazoea. Wengi huingoja hamu kwanza ndipo waanze, na hungoja miaka.

Pa kutembea hapakosekani. Wa kisiwani wana Mama Ngina, penye upepo na mibuyu, mradi mihogo ya kukaanga iachwe kwa mwenyewe. Wa Kisauni na Bamburi wana ufuo wa umma, ambapo maji yakipwa mchanga huwa mgumu na mwepesi kwa magoti. Anayefanya kazi mjini akishuka feri anaweza kuacha tuktuk na kwenda kwa miguu hadi Posta, kama nusu saa, na nauli ibaki mfukoni.

Wanaume wasidhani somo hili ni la akina mama. Kitambi kina hatari yake hata kwa mtu ambaye miguu na mikono yake ni myembamba, kwa kuwa mafuta ya tumboni ndiyo yanayohusiana zaidi na kisukari na magonjwa ya moyo. Kiuno cha mwanamume kikipita sentimita 94, na cha mwanamke 80, ni wakati wa kwenda kupimwa. Dereva wa matatu, mlinzi wa usiku na karani wa bandarini huketi saa nyingi, na wengi wao hawajapanda mizani tangu shule. Hawana chama cha Jumamosi, ila wana maskani. Watu walewale, mahali palepale, kila jioni. Kinachohitajika ni mmoja wao aseme, "Ndugu zangu, kabla ya kahawa tuzunguke hadi barabarani na kurudi." Siku ya kwanza watamcheka, na haidhuru.

Sufuria moja

Kosa la kawaida nyumbani ni mama kujipikia kabichi yake ya kuchemsha pembeni huku watoto wakila wali wa nazi. Mpango huo hudumu kama siku kumi. Ni kazi maradufu, ni gharama maradufu, na harufu ya nazi haina huruma. Afadhali sufuria ibaki moja na ibadilike kwa wote.

Hesabu ya mafuta inaweza kumshawishi hata baba asiyejali uzito. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina takriban kalori 8,000. Nyumba ya watu watano inayomaliza lita kwa siku nne humpa kila mmoja kama kalori 400 kwa siku kutoka kwenye mafuta peke yake. Lita hiyo hiyo ikidumu siku nane, kila mmoja amepunguza kalori 200 kwa siku bila kuacha chakula chochote, na bajeti ya mafuta imekatika katikati. Siri yake ni kuacha kumimina kutoka kwenye chupa. Mafuta yapimwe kwa kijiko, na anayenunua mafuta ya kupima dukani anunue kipimo cha siku, kisha kikiisha kimeisha.

Chai nayo ina hesabu yake. Vijiko vitatu vya sukari kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, ni vijiko 12, karibu gramu 50. Hicho tayari ndicho kiwango cha juu ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie kwa siku nzima, na hajanywa soda bado. Soda ya kola ya mililita 300 huongeza zaidi ya gramu 30. Kupunguza nusu kijiko kila wiki ni rahisi kuliko kuacha ghafla, kwa kuwa ulimi huzoea polepole bila kulalamika.

Kuhusu sahani yenyewe maneno machache yatatosha. Nusu iwe mboga: mchicha, kisamvu, mabenda, sukuma. Robo iwe samaki, maharagwe au pojo, na robo iwe sima, wali au chapati moja. Mbaazi za nazi hazijakatazwa. Zipikwe kwa tui la pili.

Kumwambia mume kunataka maneno. "Nimeanza dayati" humfanya afikirie njaa. Mama wa viazi alisema hivi: "Baba watoto, daktari amesema presha yangu ikiendelea hivi nitaongezewa dawa. Nimepunguza mafuta nyumba nzima. Hizi hapa pesa za mafuta zilizobaki wiki hii." Mume alizitazama zile pesa, akauliza kama bajia za jioni bado zipo.

Na bajia ndizo mtihani wake mkubwa, kwa sababu ndiyo kazi yake. Anayeonja viazi vitatu kila karai, kwa makarai sita, amekula viazi 18 na usiku atasema hajala kitu tangu mchana. Dawa yake haikuwa nia. Ilikuwa kula sahani kamili kabla ya kuwasha moto, na kumwachia msaidizi wake kazi ya kuonja chumvi.

"Umepungua, una nini?"

Kuna kizuizi ambacho vitabu vya ng'ambo havikijui. Hapa kwetu Pwani, mtu akinenepa huambiwa ametunzwa. Akipungua huulizwa kwa sauti ya chini kama ni mgonjwa, kama ndoa ina matatizo, au kama biashara imeanguka. Walioshuhudia miaka ambayo kukonda kulimaanisha ugonjwa mmoja tu hawajasahau. Mwanamke aliyepungua kilo 5 kwa bidii hupewa pole badala ya hongera, na wapo walioacha mpango wote kwa ajili ya maneno ya wifi mmoja.

Jibu litayarishwe mapema, liwe fupi na lisilo na ugomvi. "Alhamdulillahi, ni mzima, daktari ndiye aliyeniambia nipungue," linatosha. Wenzake wa chama wakiwapo, wao ndio wamjibie. Mtu akijisifu hutiliwa shaka, lakini mashoga watatu wakisema, "Tunatembea naye kila asubuhi, njoo nawe," mazungumzo hubadilika, na mara nyingine muulizaji huja kweli.

Tofauti moja izingatiwe. Anayepungua bila kukusudia, hasa akiwa na kikohozi kinachoendelea, jasho la usiku, kiu isiyokatika au kukojoa sana, asipewe hongera wala pole. Apelekwe zahanati akapimwe kifua kikuu na sukari.

Mizani ikikwama

Wiki mbili za kwanza humdanganya mtu. Mama wa viazi alipungua kilo 2.5 na kuanza kupiga hesabu ya kufika 70 kabla ya Idi. Alichokuwa hajui ni kwamba sehemu kubwa ya kilo za mwanzo huwa maji, yanayotoka mwili unapotumia akiba yake ya sukari. Baadaye mwendo hupungua hadi nusu kilo kwa wiki, na wiki nyingine mizani haisogei hata kidogo. Sababu si uvivu. Mwili mwepesi hutumia nguvu kidogo kuliko mwili mzito, na homoni za njaa hupanda kana kwamba kuna ukame. Mwili unalinda akiba yake.

Hapo ndipo wengi huacha, na hapo ndipo wenzake wana kazi kubwa kuliko siku ya kwanza. Swali la "Umekula nini?" lina harufu ya mahakama. "Ni nini kimebadilika wiki hii?" hufungua mdomo. Huenda mtoto alilazwa, huenda halali usingizi wa kutosha, na asiyelala vizuri huwa na njaa zaidi mchana. Huenda hakuna kilichobadilika na ni mwili tu unapumzika. Wiki za namna hiyo mizani iwekwe kando, itolewe tepu ya fundi wa nguo, na kiuno kipimwe. Presha ipimwe. Ngazi za Tudor zihesabiwe tena: je, safari hii alisimama mara ngapi?

Idi, Krismasi, matanga na arusi zitakuja. Sahani moja ya biriani haivunji kazi ya miezi miwili. Kinachoivunja ni siku saba zinazofuata, mtu akijiambia kwamba ameshaharibu, basi acha ale. Kwa sababu hiyo mwenzi wa kutembea abishe mlango siku ya pili baada ya sherehe, hata kama ni kwa mwendo wa dakika 10.

Nani aanze kwa daktari

Wapo wasiofaa kuanza kabla ya kuonana na mhudumu wa afya. Mwanamke mjamzito hapunguzi uzito; anahitaji mwongozo wa kliniki. Anayenyonyesha aulize kwanza. Mtu wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari akipunguza chakula ghafla anaweza kushukiwa na sukari hadi akazirai, kwa hiyo dozi yake huenda ikahitaji kurekebishwa. Wa dawa za presha naye apimwe kila anapopungua, wala asiache dawa kwa kujiamulia. Mtoto mnene hawekewi njaa. Huondolewa soda na kupewa nafasi ya kucheza.

Kisha kuna biashara. Chai za kupunguza tumbo, matone, mikanda ya kutoa jasho, vidonge visivyo na jina la mtengenezaji vinavyouzwa kwa simu. Nyingi katika hizo chai ni dawa za kuharisha. Hutoa maji na choo, mafuta yakabaki palepale. Mikanda hutoa jasho, na glasi mbili za maji hulirudisha. Zipo dawa halali za kupunguza uzito, za vidonge na za sindano, lakini huandikwa na daktari kwa mgonjwa aliyepimwa. Dawa yoyote inayouzwa nchini inapaswa kuwa imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na muuzaji asiyejua hilo asipewe pesa.

Msaada wa kwanza uko karibu kuliko hospitali. Mhamasishaji wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba ni mtu wa mtaa huo huo. Septemba 2023 wahamasishaji wapatao 100,000 kote nchini walianza kupewa mikoba ya kazi yenye mashine ya presha na kipima sukari. Chama kinaweza kumwalika kikaoni awapime wote kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2015 utafiti wa kitaifa uligundua kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima nchini hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja, kwa hiyo katika kikao cha watu 12 huenda akapatikana anayejijua siku hiyo. Atakayekutwa na presha au sukari ya juu ataelekezwa zahanati au kituo cha afya, na kwenye vituo vikubwa aulizie mtaalamu wa lishe.

Kazi ya mwezi

Kila chama, maskani au familia itakayotumia somo hili ifanye mambo haya kabla ya kikao kijacho. Kila mmoja aandike kwenye daftari lake sababu moja ya karibu, inayoweza kujaribiwa ndani ya wiki nne, na isiwe "kupendeza." Apige hesabu ya asilimia 5 ya uzito wake. Ataje jina la mtu mmoja atakayembishia mlango, na amwombe waziwazi, kwa kuwa wengi husaidia wakiombwa na hunyamaza wasipoombwa. Nyumbani, tarehe ya kufungua lita mpya ya mafuta iandikwe kwa kalamu kwenye chupa yenyewe, na tarehe ya kuisha iandikwe chini yake.

Kikaoni wajadili maswali mawili. Chakula cha kikao kitabadilishwa vipi bila kumwaibisha mwenyeji? Na mwanachama akikosa vikao viwili mfululizo, ni nani atakayemwendea nyumbani, na atamwambia nini?

Mizani iwekwe kwenye sakafu ngumu, si juu ya zulia wala mkeka. Kila mmoja apime saa ile ile, akiwa amevua viatu na kuweka mkoba na simu pembeni.